Waya si kisingizio tena: Vifaa vidogo vinavyokesha ili urudi nyumbani salama

KAMA umewahi kufanya kibarua ama atachimenti kiwandani, hii kazi unaijua. Unapewa helmeti iliyolegea, kalamu, na fomu iliyobanwa kwenye kibao. Kisha supavaiza anakuonyesha ngazi: panda, soma geji, andika, shuka. Unatoka tangi hadi tangi, boila hadi pampu, na baada ya saa kadhaa unarudia tena.

Ni kazi inayoonekana rahisi, na ndiyo maana huachiwa mgeni. Lakini hebu jiulize swali moja: ukishashuka ngazi, ni nani anayeiangalia hiyo geji mpaka utakaporudi?

Hakuna. Kama mzunguko ni wa kila saa nne, kiwanda kinalitazama hilo tangi mara sita kwa siku, tena kwa dakika moja moja. Muda wote uliobaki kinabahatisha. Ulisoma saa tano kamili ukaandika "sawa". Presha ikianza kupanda saa tano na robo, karatasi itaendelea kusema "sawa" hadi saa tisa.

Na kuna jambo la pili, ambalo linakuhusu wewe binafsi. Ili kujua kama mahali ni salama, kiwanda kinamtuma binadamu aende pale. Kama kuna gesi inayovuja, aliyetumwa kusoma geji ndiye atakayeivuta kwanza.

Siku hizi kuna njia nyingine: vihisi visivyo na waya. Wengine huviita sensa, lakini si ile ya kuhesabu watu. Ni vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye bomba, tangi au mashine, vikapima presha, joto, mtetemo au gesi, kisha vikatuma majibu kwa mawimbi ya redio hadi kwenye chumba cha kudhibiti mitambo. Havichoki na haviogopi ngazi. Ila pia havifanyi miujiza, na hapo ndipo wewe unapoingia.

Tatizo lilikuwa waya

Usidhani viwanda havikujua umuhimu wa kupima. Vifaa vya kupima vyenye waya vipo tangu zamani, na mitambo mikubwa ina mamia au hata maelfu ya vifaa hivyo. Shida ni gharama ya kufikisha waya.

Fikiria tangi lililo mwisho wa uwanja, mita 300 kutoka chumba cha kudhibiti. Kulifungia kifaa kimoja cha waya unahitaji kuchimba mtaro au kujenga njia ya vyuma ya kupitishia nyaya, kununua bomba za kuzikinga, kutafuta nafasi kwenye kabati la umeme, na kuandika vibali vya kufanya kazi penye hatari ya moto. Mara nyingi kifaa chenyewe ndicho kidogo kwenye bili. Pesa na muda vinamezwa na waya na watu wa kuuvuta.

Basi mameneja wakawa wanafanya hesabu. Mahali penye pesa pakapata kifaa. Mahali pengine, kama vile vali za kufungua kwa mkono, bafu za dharura na pampu ya ziada kule nyuma, pakaachiwa kijana na fomu yake. Si kwamba sehemu hizo hazikuwa hatari. Zilikosa tu bajeti ya waya.

Sasa waya umetolewa kwenye hesabu. Kifaa kinajiendesha kwa betri, kinafungwa na fundi mmoja au wawili kwa muda mfupi, na hakuna mtaro unaochimbwa. Kisingizio cha zamani kimebaki bila miguu.

Nauli ya nyuma ya matatu

Unajiuliza: mawimbi ya redio yatapitaje katikati ya msitu wa vyuma? Simu yako yenyewe hukata ukiingia kwenye lifti.

Jibu utalipata ndani ya matatu. Ukikaa kiti cha nyuma kabisa na konda yuko mlangoni, hupandi juu ya watu kumpelekea nauli. Unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, hadi noti inafika. Na kama jirani yako amelala, unampitishia mwingine.

Vihisi vya viwandani hufanya vivyo hivyo. Kila kifaa kinaongea na majirani zake, na kila kifaa kinaweza kubeba ujumbe wa mwenzake. Mwishoni ujumbe unafika kwenye kifaa kinachoitwa lango, ambacho huuingiza kwenye kompyuta za kiwanda. Lori likiegeshwa mbele ya kifaa kimoja na kuziba njia, mtandao wenyewe unatafuta njia nyingine. Hakuna mtu anayeitwa usiku kuja kuurekebisha.

Kwa kweli kuna kanuni maalumu za lugha hii. Inayojulikana zaidi ni WirelessHART, iliyotoka mwaka 2007 na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2010. Nyingine ni ISA100. Zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, jirani kabisa na Wi-Fi na Bluetooth ya simu yako.

Sasa utasema: si kutakuwa na msongamano? Kuna mbinu mbili. Kwanza, kila kifaa kinapewa zamu yake ya kuongea. Kwenye WirelessHART, zamu moja ni milisekunde 10. Asiye na zamu ananyamaza. Pili, vifaa hurukaruka kati ya chaneli 15. Chaneli hii ikiwa na kelele, ujumbe unaofuata unapitia nyingine, kama dereva anayeacha barabara kuu yenye jam na kupita panya ruti. Ujumbe nao hufungwa kwa fumbo la kompyuta ili mtu wa nje asiusome au kuubadilisha.

Betri je? Kifaa hulala muda mwingi. Huamka, hupima, hutuma, hulala tena. Kikipima kila dakika, betri inaweza kudumu miaka kadhaa. Ukikilazimisha kutuma kila sekunde, itaisha haraka zaidi. Ni kama simu yako tu: ukiacha kila programu ifanye kazi, saa nane mchana unatafuta chaja.

Na kuna sharti moja ambalo halina mjadala. Penye mvuke wa petroli au gesi, kifaa chochote cha umeme kinaweza kuwa kiberiti. Kwa hivyo vifaa vya maeneo hayo hutengenezwa viwe na nguvu kidogo mno ya umeme kiasi kwamba hata vikiharibika haviwezi kutoa cheche ya kuwasha gesi. Hivyo hupimwa na kupewa cheti. Simu yako ya kawaida haina cheti hicho, na ndiyo sababu unaambiwa uiache getini. Si roho mbaya ya mlinzi.

Vinafanya nini hasa?

Tuache nadharia. Hizi hapa ni kazi ambazo vifaa hivi hufanya kwenye mitambo mbalimbali duniani.

Bafu ya dharura. Ukimwagikiwa na kemikali, unakimbilia bafu iliyo karibu na kuvuta mnyororo ili maji yakuoshe macho na mwili. Ukiwa peke yako zamu ya usiku, nani atajua? Swichi ndogo isiyo na waya hufungwa kwenye bomba la bafu hiyo. Maji yakianza kutoka tu, chumba cha kudhibiti kinapata taarifa kwamba kuna mtu ameumia, na ni bafu namba ngapi. Wenzako wanakuja kabla hujapoteza fahamu.

Vali ya usalama. Kila boila na kila chombo cha presha kina vali inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Tatizo ni kwamba mara nyingine hufunguka, ikafunga vibaya, na ikaendelea kuvuja bila mtu kujua. Kifaa kinachosikiliza sauti, hata ile ambayo sikio la binadamu halisikii, hubandikwa kwenye bomba na kusema: vali hii imefunguka saa fulani, na bado inavuja.

Vali za mkono. Ajali nyingi huanza na vali iliyoachwa wazi wakati kila mtu anaamini imefungwa. Kihisi kinaweza kuonyesha ilipo: wazi, nusu, au imefungwa. Mabishano ya "mimi niliifunga" na "hapana, niliikuta wazi" yanaisha.

Mashine zinazozunguka. Beringi inayokaribia kufa huanza kutetemeka vibaya na kupata joto kabla ya kukwama. Kihisi cha mtetemo huisikia mapema. Na usidhani ni suala la kuokoa mashine tu. Februari 7, 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafariki. Kilicholipuka ni vumbi la sukari, ileile unayoweka kwenye chai. Wachunguzi walisema kilichowasha moto huenda kilikuwa beringi iliyopata joto kupita kiasi ndani ya mkanda wa kubebea sukari uliokuwa umefunikwa. Kama unafanya kazi kwenye kinu cha unga, soma sentensi hiyo tena.

Matanuri yanayozunguka. Kwenye kiwanda cha saruji, tanuri kubwa la chuma huzunguka mchana na usiku. Huwezi kulifunga waya, utajiviringisha na kukatika. Kihisi kinachotumia redio kinazunguka nalo na kuendelea kuongea.

Gesi. Kuna vihisi vinavyofungwa ukutani na vingine vinavyovaliwa kifuani. Vile vya kuvaa vinaweza pia kugundua kwamba aliyevivaa ameanguka na hasogei, vikaita usaidizi vyenyewe.

Geji moja ikidanganya

Hebu sasa tuongee ukweli. Kuwa na kifaa si sawa na kuwa salama.

Machi 23, 2005, kwenye mtambo wa mafuta wa BP mjini Texas City, Marekani, wafanyakazi walikuwa wanawasha upya mnara wenye urefu wa futi 170. Mnara huo ulijazwa mafuta kupita kiasi. Kifaa cha kupima kina, ambacho hakikuwa kimesawazishwa vizuri na kilitengenezwa kupima sehemu ya chini tu, kilionyesha karibu futi 8, tena kina kinashuka. Ndani, mafuta yalikuwa yamefika futi 158. Alamu ya pili iliyopaswa kulia haikulia. Mafuta yalipofurika, mvuke wake uliwaka. Watu 15 walifariki na wengine 180 wakajeruhiwa. Waliofariki walikuwa ndani au karibu na vyumba vya muda vilivyowekwa jirani na mtambo, na hawakuwa na habari kwamba mnara huo unawashwa.

Miezi tisa baadaye, Desemba 11, 2005, ikawa zamu ya Uingereza. Kwenye hifadhi ya mafuta ya Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead, tangi lilikuwa linajazwa petroli usiku. Mwendo wa saa tisa usiku geji ilikwama. Skrini ikaendelea kuonyesha kina kilekile huku petroli ikiendelea kuingia. Swichi ya akiba iliyopaswa kusimamisha ujazaji haikufanya kazi. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika, na saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi pakalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Kilichookoa maisha ni kwamba ilikuwa Jumapili alfajiri na ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Umeona kinachofanana? Pote palikuwa na kifaa, tena cha waya. Kilichokosekana ni jicho la pili linalofanya kazi na mtu wa kushuku. Tangi linajazwa saa mbili nzima na geji haisogei, na hakuna anayeuliza?

Hapa ndipo vifaa visivyo na waya vinaleta tofauti ya kweli. Kwa kuwa ni rahisi kufunga, unaweza kuweka jicho la pili na la tatu, la aina tofauti, bila kuchimba hata futi moja ya mtaro. Geji moja ikidanganya, nyingine inaipinga. Lakini jicho la pili lisilotunzwa litapofuka kama la kwanza. Kihisi lazima kipimwe na kusawazishwa kila baada ya muda, kama vile maafisa wa vipimo wanavyokagua mizani ya muuza nyama. Mizani ambayo haijakaguliwa miaka mitano inaweza kukupa namba yoyote ile, na utailipia.

Kelele nyingi pia ni hatari

Kuna mtego mwingine. Ukishapata vihisi vya bei nafuu, unaweza kushawishika kufunga 500 na kuweka alamu kwa kila kimoja. Siku mambo yakienda mrama, vyote vinalia pamoja.

Julai 24, 1994, kwenye mtambo wa mafuta wa Milford Haven, Wales, wafanyakazi wawili wa chumba cha kudhibiti walipata alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Gawanya mwenyewe: alamu 25 kwa dakika. Hakuna binadamu anayeweza kusoma, kuelewa na kutenda kwa kasi hiyo. Ni kama kuwekwa kwenye grupu 40 za WhatsApp halafu uambiwe kwamba katikati ya zile memes kuna ujumbe mmoja wa mama yako akiwa hospitalini.

Kwa hivyo kiwanda kilicho rada hakijivunii wingi wa alamu. Kinauliza: hii ikilia, nani afanye nini, na ana dakika ngapi? Alamu isiyo na jibu la swali hilo haifai kulia.

Jambo jingine la kujua ni kwamba vifaa visivyo na waya kwa kawaida hutumika kuangalia na kuonya. Kazi ya kuzima mtambo wenyewe wakati wa hatari hubaki kwa mfumo tofauti, ambao aghalabu huwa wa waya, uliojengwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo pekee. Mtu akikuambia amenunua vihisi vya redio na sasa anaweza kung'oa swichi za zamani za usalama, huyo ni wa kukimbiwa.

Kutoka Sinai hadi Olkaria

Unaweza kusema haya ni ya Texas na Wales, yanamhusu nini mtu wa Pipeline ama Mukuru?

Rudi Septemba 12, 2011. Petroli ilivuja kutoka kituo cha kampuni ya Kenya Pipeline eneo la Industrial Area, Nairobi, ikaingia kwenye mtaro wa maji na kutiririka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walitoka na ndoo kuchota. Ikawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi wao hawakuwa wameajiriwa na kituo hicho, ila waliishi tu upande wa pili wa ukuta.

Nairobi, Athi River, Thika, Mombasa: kiwanda na makao viko ukuta kwa ukuta. Kwa hivyo usalama wa kiwanda si mambo ya ndani ya kampuni. Kihisi cha gesi au cha mvuke wa mafuta kikiwekwa kwenye mtaro unaotoka nje ya ua, ambako hakuna nyaya, kinaweza kuwa onyo la mtaa mzima, mradi pawe na mpango wa jinsi onyo hilo litakavyowafikia watu.

Lakini tusidanganyane. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi, na kuua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kuweka kituo cha gesi mahali hapo. Hakuna kihisi kinachoweza kutibu kituo ambacho hakikupaswa kuwepo.

Nenda pia Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu 1981. Mvuke huo hupanda na gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai bovu. Ikiwa kidogo utainusa mara moja. Ikiwa nyingi, kuanzia kama sehemu 100 kwa milioni moja ya hewa, inaua pua yako kwanza: harufu inapotea na unadhani imeisha, kumbe imeongezeka. Gesi hiyohiyo hupatikana kwenye mashimo ya majitaka, ndiyo maana kila mara unasikia vijana wameangamia shimoni mmoja baada ya mwingine wakijaribu kuokoana. Pua si kipimo. Kihisi ndicho kipimo.

Na mahali pa kukiweka pana maana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hulala chini, kwa hivyo kihisi chake hukaa karibu na sakafu. Methani ni nyepesi, hupanda darini. Ukikuta kihisi cha gesi ya kupikia kimefungwa juu karibu na balbu, jua aliyekifunga alikuwa na haraka ya kwenda lanchi.

Je, kibarua changu kitaenda?

Swali la haki. Kama kihisi kinasoma geji kila dakika, kijana wa kibao atafanya nini?

Ukweli ni kwamba kuzunguka na fomu kutapungua. Lakini kila kihisi kinahitaji mtu wa kukifunga, kukisawazisha, kubadilisha betri, kuhakikisha mawimbi yanafika na kuelewa namba zinapoanza kuonyesha kitu kisicho cha kawaida. Huyo ni fundi wa vifaa vya kupima na kudhibiti mitambo. Vyuo vya kiufundi hapa nchini hufundisha somo hilo ndani ya diploma ya umeme na elektroniki, lakini wanafunzi wengi huliruka kwa kuwa hawajui ni kazi gani. Sasa unajua.

Ukitaka kuonja kabla ya kujisajili, pita Luthuli Avenue ununue kibodi kidogo cha ESP32 na kihisi cha joto. Jifunze kukifanya kitume namba kwa simu yako kila dakika. Kisha jaribu kukifanya kidumu wiki moja kwa betri. Hapo utaelewa kwa nini kulala ni muhimu. Ila shika hili: vile vihisi vya gesi vya bei poa vinavyouzwa huko ni vya kujifunzia. Usiweke maisha ya mtu mikononi mwa kifaa kisicho na cheti.

Na kama wewe ndiwe unayevalishwa kifaa kinachoonyesha ulipo, una haki ya kuuliza kinatumika vipi. Kifaa cha kukuokoa ukianguka kisigeuke cha kuhesabu dakika ulizokaa msalani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu pia taarifa zako ukiwa kazini.

Maswali ya siku ya kwanza

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Inakutaka nawe uripoti hatari unayoiona. Kwa hivyo kuuliza si ujeuri. Siku ya kwanza, uliza haya kwa heshima, ikiwezekana mbele ya wenzako:

1. Ni hatari gani kubwa zaidi hapa, na ni kifaa gani kinachoiangalia?

2. Kifaa hicho kilipimwa na kusawazishwa lini mara ya mwisho? Cheti chake kiko wapi?

3. Kikishindwa kufanya kazi, au betri ikiisha, nani atajua, na atajuaje?

4. Alamu ikilia usiku, nani anaitikia? Mimi natakiwa nikimbie wapi?

5. Nikivuta mnyororo wa bafu ya dharura nikiwa peke yangu, kuna mtu atakayejua?

Msimamizi anayejua kazi yake atakujibu hapohapo, pengine atafurahi umeuliza. Akikuna kichwa, umejifunza jambo pia. Na akikuambia, "Hatujaweka kifaa pale kwa sababu kufikisha waya ni ghali," mwambie hiyo hesabu ni ya zamani. Ifanywe upya.